Lori la Tongaren Liko Nje ya Geti

Watu wangu, leo hapa stoo nimekataa mahindi ya mdosi mwenyewe.

Meneja wetu hapa Kitale ni Madam Nekesa. Ukikosea, hapigi kelele. Anakuita kando, mnauma punje ya mahindi pamoja, halafu anauliza, "Umesikia nini?"

Ikilia ka! imekauka. Ikinyamaza, itaozesha stoo nzima.

Hivyo ndivyo alinifundisha kazi, mimi ninayepokea kila gunia.

Leo lori likaingia kutoka Tongaren.

Nikauma. Kimya.

Nikamwambia dereva arudishe. Akacheka. "Unajua haya ni ya nani?"

Ya mdosi, bana. Mwenye stoo.

Nikamwangalia Madam aniokoe. Si yeye ndiye meneja?

Akauma punje, akaniuliza tu, "Umesikia nini?"

"Hayajakauka, Madam."

"Basi mwambie tena, asikie vizuri."

Nikamwambia dereva tena. Lori likatoka.

Ati nikadhani nimeshinda.

Baadaye mdosi akafika, akamwita Madam ofisini, mlango ukafungwa. Hatukusikia hata neno.

Madam ametoka sasa hivi na mkoba wake. Amesimama karibu yangu kama siku zile za kunifundisha.

"Kesho sitakuwepo. Mdosi amesema wewe ndio utaamua getini," ameniambia. "Uma kwanza."

Lori halijarudi Tongaren. Limeegeshwa hapo nje. Dereva anatafuna muhogo, ananiangalia.

Si mniambie, nyinyi mngefungua geti?