Mushanana ya Mama Anneth

Kila Jumamosi yenye harusi, wanawake wa Ntobeye walipitia nyuma ya nyumba ya Leonsia. Hawakupita mbele, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na msiba, na katika ukoo alioolewa mjane aliyevaa nyeusi hakanyagi penye vigelegele. Basi walimfuata uani, karibu na jiko, na nguo zao wamezikunja ndani ya mifuko.

Hakuna aliyejua kufunga mushanana kama yeye. Ni nguo ambayo ukiishika unaweza kudhani umeshika hewa: mita nyingi za kitambaa laini, na zote zinaenea ndani ya bakuli moja. Sketi hukunjwa marinda kiunoni, kisha kipande cha juu hupitishwa chini ya kwapa na kufungwa begani, upande mmoja tu, kikaachwa kishuke kama maporomoko ya Rusumo yasiyo na kelele. Ukikaza sana, mvaaji anaonekana kama majeruhi aliyefungwa bendeji. Ukilegeza, atashinda ameshika bega.

"Pumua," Leonsia alimwambia kila aliyemvalisha. "Pumua tena. Haya, sasa cheka."

Fundo alilikaza mtu akiwa anacheka. Alisema harusini watu hucheka, na nguo iliyofungwa kwa mtu aliyenuna itamwaibisha mbele za watu.

Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya gauni jeusi la kitambaa kizito, lenye mikono mirefu. Alilima nalo, alipika nalo, jua la Agosti lilimkuta nalo. Alikuwa nayo mawili tu ya namna hiyo, moja likifuliwa jingine liko mwilini. Mumewe Aristides alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Kwa desturi yao, ukoo hukaa siku moja, hunywa rubisi ya ndizi, humvua mjane nguo za msiba na kumkabidhi shamba la marehemu alisimamie na watoto wake. Mpaka siku hiyo ifike, shamba liko mikononi mwa kaka wa marehemu.

Kaka huyo ni Juvenali. Mwaka wa kwanza alisema migomba imepigwa na mnyauko, rubisi itatoka wapi? Mwaka wa pili alisema mdogo wao yuko machimboni Geita, hawawezi kukaa bila yeye. Mwaka wa tatu hakusema kitu, akavuna tu kahawa. Na mjane angefanya nini? Akijivua mwenyewe, huhesabiwa kuwa amemfukuza marehemu, na anayemfukuza marehemu hurudi kwao. Leonsia alivuka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, ameshikwa mkono na mama yake, na mama huyo amezikwa hapa hapa Ntobeye. Kwao ni wapi? Tunaziita desturi, na nyingine ni nzuri kweli, lakini kuna watu wamezigeuza kufuli na ufunguo wameuweka mfukoni.

Kisha Anneth, binti yake wa kwanza, akachumbiwa na kijana wa Bukiriro.

Orodha ya mahari aliiandika Juvenali, kama baba mkubwa. Aliandika mbuzi, majembe, blanketi la bibi, na kwa kuwa hakutaka wageni waseme ukoo wake ni wa kimaskini, akaongeza: nguo ya mama, mushanana, rangi ya maziwa. Katika hesabu yake, kiti cha mama kingekaliwa na mke wake, Selestina. Leonsia angekuwa jikoni na nyeusi yake.

Siku ya kumtoa binti, mshenga wa Bukiriro, mzee Anatory, alisimama uwanjani na nguo imelala juu ya ungo. Upepo ulikuwa mdogo, lakini kitambaa kilikuwa kinainuka kama kinachotaka kuondoka. Alimtazama Selestina, aliyekaa kwenye kiti cha mama.

"Shemeji, hujambo? Samahani, huyu binti ulimzaa mwaka gani?"

Selestina akainama.

"Ni mama yake mkubwa," Juvenali akasema. "Mama ni mama."

"Mzee wangu, mimi nimetumwa na orodha. Orodha inasema mama. Haisemi mama wa kuazima."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele kifupi, akajifanya anakohoa.

"Aliyemzaa yuko kwenye msiba," Juvenali alisema.

"Pole zetu. Amefiwa lini?"

Bibi mmoja wa upande wa bibi harusi akajibu kutoka kwenye mkeka, "Mwaka wa tatu huu, baba."

"Tunasubiri mavuno," Juvenali akawahi.

"Mavuno ya nini, mzee? Maana maharage tu mmeshavuna mara ngapi!" Anatory akauweka ungo chini. "Sisi tutakaa. Nguo hii haivalishwi mwingine, na bila nguo ya mama, binti hatoki. Hayo mmeyaandika wenyewe."

Juvenali alikuwa amenaswa na mwandiko wake. Lakini hakulegea. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Akitaka, avue nyeusi. Ila ajue anaivua peke yake, ukoo haujakaa. Kesho asiniulize shamba la nani."

Leonsia alikuwa ameshika mwiko. Anneth alimfuata mbio, amevaa vizuri kuliko siku zote, macho yamejaa.

"Mama, usivue. Nitaondoka na mchumba wangu siku nyingine, hata bila sherehe. Wadogo zangu watakula nini?"

"Nyamaza, utaharibu uso."

"Mama, nakuomba."

Leonsia aliangalia moshi, akaangalia mgomba uliokuwa nyuma ya jiko. Aliupanda na Aristides. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu, mpaka nje wakaanza kunong'ona kwamba amekataa.

Alipotoka alikuwa na blauzi nyeupe na sketi ya ndani, mikono wazi. Ngozi ya mabega ilikuwa na rangi mbili: shingoni nyeusi ya jua, chini yake laini kama ya mtu mwingine. Anatory akageuza uso kwa heshima, wanawake wa Bukiriro wakamzunguka na kumfunga. Walikaza vibaya. Leonsia akalegeza fundo mwenyewe, akalifunga upya, na kitambaa kikashuka mgongoni taratibu. Akasimama bila kusogea. Upepo ulipita kwenye kwapa, kwenye mgongo, mahali ambapo kwa miaka mitatu palikuwa na jasho tu.

Akamshika Anneth mkono, akamkabidhi kwa watu wa Bukiriro. Maneno ya mama aliyasema yote, bila kukosea.

Juvenali alichukua fimbo yake. "Jumapili ukoo utakaa," alisema. "Utakuja kujibu."

"Nitakuja, shemeji," Leonsia alisema. "Na nitakuja nimevaa hivi."

Hakujua Jumapili itaamua nini. Aliketi kwenye kiti ambacho Selestina alikuwa amekiacha, akaomba maji ya kunywa.