Nyundo Juu, Maana Yake Subiri

Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya mahakama tangu saa mbili asubuhi, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na kopo la misumari midogo. Askari wa getini alilitikisa akacheka. "Mama, umekuja kutugongomea viti?"

"Viti vyenu vinahitaji," alimjibu, kisha akageuza uso, maana hilo lilikuwa jibu la mdogo wake, si lake.

Upande mmoja alikaa Mama, shanga za sala zikimpita vidoleni. Upande wa pili Baba Mdogo alimnong'oneza kwa mara ya nne: "Utasema nyundo ilikuwa mezani. Usiongeze, usipunguze."

"Na nikishaapa, Baba Mdogo?"

"Mungu anajua tulivyoumizwa. Atatuelewa. Ukisema iliinuliwa, umemfungulia mlango yule askari aliyemuua mdogo wako, atoke anapiga mluzi."

Dada alikuwa ameliombea jambo hilo wiki tatu mfululizo, na kila akifumba macho aliiona ile nyundo. Haikuwa mezani.

Yeye na mdogo wake walikuwa mafundi wa makochi, kazi waliyoachiwa na baba yao. Yeye alishona vitambaa kwa cherehani nyuma ya pazia. Mdogo wake alipiga fremu, akajaza sponji, akavuta kitambaa na kukigongomea. Misumari aliiweka mdomoni, kumi au kumi na tano kwa mkupuo, akiitoa kwa ulimi mmoja mmoja. Mama alimgombeza tangu akiwa mtoto: "Siku moja utaimeza, nikuzike na vyuma tumboni!" Alicheka tu. Kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Bubu, ingawa akishatema misumari hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mteja akiingia na kuuliza bei wakati mashavu yamejaa, Bubu hakugeuka. Aliinua nyundo juu ya kichwa, akaishikilia hapo. Maana yake: subiri kidogo, nakuja. Wateja wa siku zote waliizoea. Mmoja mgeni aliwahi kukimbia akaacha kiatu, na kisa hicho Bubu alikisimulia mwaka mzima, kila mara kiatu kikizidi ukubwa.

Siku ile, saa nne asubuhi, duka la simu la kona lilivamiwa. Mwenye duka alipigwa, na watu wakapiga kelele kwamba mwizi ana silaha na amekimbilia uchochoroni. Askari mmoja, kijana mrefu, aliingia karakana yao kwa mlango wa nyuma, bastola mkononi. Bubu alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, mgongo mlangoni.

"Wewe! Wewe nani? Jibu!"

Dada alisikia akadhani ni mteja mwenye haraka. Alisogeza pazia. Aliona nyundo ikiinuka taratibu, kama kawaida.

"Tupa chini!"

Bubu akaanza kugeuka kuona ni nani huyo mkali, nyundo bado juu, misumari ingali mdomoni. Risasi zilikuwa mbili. Mwizi alikamatwa saa sita mchana, mtaa wa pili.

Katika maelezo yake askari aliandika kwamba mshukiwa alikataa kujitambulisha, akamwinulia nyundo, naye akajitetea. Leo hakimu alikuwa anasikiliza kama kweli alijitetea au ana kesi ya kujibu. Na neno lile, mshukiwa, lilimkaa Dada kifuani kama mwiba wa samaki.

Jina lake likaitwa. Alitembea hadi kizimbani na mkoba wake. Aliweka kiganja juu ya kitabu kitakatifu na kuapa, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mno kwa mwanamke wa umri wake.

Wakili wa askari alisimama. "Ulikuwepo. Ulipofungua pazia, nyundo ilikuwa wapi?"

Alimtazama Baba Mdogo, aliyekuwa ameinamia mbele. Akamtazama Mama. Mama alikuwa amefumba macho.

"Ilikuwa juu," alisema.

Baba Mdogo alijipiga kofi gotini. Wakili akatabasamu. "Sina swali lingine, Mheshimiwa."

"Hajaniuliza ilikuwa juu kwa nini," Dada akasema haraka, kabla woga haujamrudia.

Hakimu aliinua macho. "Basi tueleze."

"Naomba nionyeshe, Mheshimiwa."

Alifungua kopo. Akaweka misumari mdomoni, mmoja mmoja, mpaka mashavu yakajaa na ladha ya chuma ikamfika kooni. Kisha akageuka, akawapa mgongo, akanyamaza.

"Haya, shahidi, tunakusikiliza," hakimu alisema.

Dada aliinua mkono juu ya kichwa, ngumi imefumbwa.

"Nimesema tunakusikiliza. Sema."

Mkono ukabaki juu. Nyuma yake alisikia kiatu kikiburuza sakafuni: askari wa mlangoni alikuwa amepiga hatua kumfuata. Akajua sasa mdogo wake alisikia nini, na jinsi muda ule ulivyokuwa mfupi.

"Rudi mahali pako," hakimu alimwambia askari wa mlangoni, kwa sauti ya chini. Akaweka kalamu mezani.

Dada alitema misumari kiganjani. "Alifanya hivyo kwa kila mtu, Mheshimiwa. Miaka ishirini. Alikuwa anamwambia asubiri."

"Sikujua," alisema yule askari kijana, bila kuulizwa na mtu. Wakili wake akamvuta mkono wa shati. "Wallahi sikujua. Nilidhani ananijia."

Hakimu alisema uamuzi atausoma baada ya wiki mbili. Lakini alimwagiza karani, mbele ya wote, afute neno mshukiwa kila lilipoandikwa, aweke: fundi, akiwa kazini kwake. Karani aliuliza kama ni kila mahali. "Kila mahali," hakimu akajibu.

Nje Baba Mdogo alitangulia bila kuaga. "Umetumaliza," alisema, akapotea kwenye kona. Dada alibaki ameshika mkoba kwa mikono miwili. Wiki mbili. Hakujua kama amemtetea mdogo wake au amemwokoa aliyemuua, na alimwomba Mungu ampe kujua, akaona hapewi.

Mama alimsogelea. Akachukua kopo, akalifungua, akaitazama misumari iliyokuwa bado na mate.

"Kwa hiyo alikuwa anamwambia asubiri?"

"Ndiyo, Mama."

"Na siku ile ilikuwa imebaki mingapi mdomoni mwake?"

"Minne."

Mama alihesabu kwa midomo, polepole, kama mtu anayegongomea. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Ni hivyo tu," alisema. "Angesubiri hivyo tu."