Fundi Saa Nne na Kaunta ya Polisi

Jina la Saa Nne fundi huyu hakupewa na wazazi wake, alipewa na polisi. Si kwamba alikuwa mhalifu. Kazi yake ni kushona makochi, na mhalifu gani anashinda kutwa na misumari mdomoni? Ni kwamba alipoachana na mkewe, muuguzi wa zahanati, walirushiana maneno mahakamani hadi karani akaacha kuandika. Hakimu aliyechoka akaamuru: mtoto akae na mama, baba atoe matunzo, tena amchukue kila Jumamosi saa nne asubuhi kwenye kaunta ya kituo cha polisi na kumrudisha hapo hapo saa kumi na moja jioni. Kulala kwa baba, marufuku. Wakati huo fundi alikuwa analala karakanani juu ya sponji, sindano huku, gundi kule, kwa hiyo hakimu hakukosea.

Binti alikuwa na miaka minne. Miaka sita ikapita na fundi hakuchelewa hata Jumamosi moja. Mvua ikinyesha, yupo. Jino likimuuma, yupo, na shavu limevimba. Ikafika mahali askari wanarekebisha saa ya ukutani kwa kumwona yeye akiingia.

Koplo wa kaunta, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ndiye aliyekuwa mjumbe, maana wazazi hawa walikuwa hawasemezani.

"Afande, mwambie huyo bwana mtoto ana mafua, asimnunulie barafu."

"Mama, si yuko hapo hapo? Amekusikia."

"Wewe mwambie tu."

"Bwana, mtoto ana mafua."

"Mwambie nimesikia."

Hasira zilishaisha kitambo, yalibaki mazoea. Lakini kuna jambo moja lililomkaa fundi rohoni. Kwa miaka sita yote hakuwahi kumwona binti yake amelala. Alimjua akicheka, akinuna, akiuliza maswali mia moja kabla ya chakula. Amelala, hapana. Alishahamia nyumba ya vyumba viwili, akatengeneza kochi la kijani linalokunjuka kuwa kitanda, na wateja watatu walipolitaka aliwaambia lina mwenyewe. Ila amri ya mahakama si kitu cha kuchezea, naye aliogopa kwamba akiligusa lile faili, hata Jumamosi yake itamponyoka.

Basi siku moja mwalimu wa binti akawaambia watoto wachore mahali familia zao zinapokutana. Wenzake walichora meza na sebule. Binti akachora kaunta ya polisi: baba kushoto, mama kulia, yeye katikati, na Koplo nyuma yao, mkubwa kuliko wote, anatabasamu. Jumamosi akaileta picha na kuitandaza juu ya kaunta. Mama akaitazama, akaanza kucheka. Fundi naye akacheka. Walicheka hadi machozi, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko.

"Afande," mama akasema akijifuta, "muulize huyu bwana kama atakubali twende tukabadilishe hii amri."

Koplo akaweka kalamu chini. "Leo sipeleki ujumbe wa mtu. Muulize mwenyewe."

Mama akageuka taratibu. "Baba mtoto, utakubali?"

"Hata sasa hivi, mama mtoto."

Mahakamani, karani alipekua faili mbele nyuma. "Mlalamikaji nani?"

"Hakuna."

"Anayepinga je?"

"Hakuna."

"Sasa mmekuja kufanya nini hapa?"

Hakimu mpya, mama wa makamo, akamtuma afisa ustawi wa jamii akaikague nyumba ya baba. Hapo fundi akashika ndoo na tambara. Alipiga deki mara tatu, akaficha sindano hadi mwenyewe akasahau alikozificha. Afisa akaja, miguu imemvimba kwa kutembea kutwa. Akafungua kabati, akajaribu bomba, kisha akajinyoosha kidogo juu ya lile kochi, eti analipima. Baada ya dakika tano alikuwa anakoroma. Fundi alisimama mlangoni nusu saa nzima, hajui kama hiyo ni heri au balaa, na kumwamsha mtu wa serikali hathubutu. Ripoti ilisema malazi yanaridhisha kabisa.

Amri ikabadilishwa. Mtoto atakaa kwa baba kuanzia Ijumaa akitoka shule hadi Jumapili jioni, atachukuliwa na kurudishwa mlangoni kwa mama, na wazazi wanaruhusiwa kuzungumza. Fundi akaomba mwenyewe kwamba, juu ya matunzo, alipe pia ada ya binti ya mafunzo ya kuchora. Karani alimwangalia mara mbili, akaandika.

Jumamosi ya kwanza fundi aliamka mapema, akakaa kwenye kigoda kando ya kochi la kijani. Binti alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Kumbe alikuwa anasaga meno kidogo, kama bibi yake. Fundi alifurahi mpaka akasahau kunywa chai. Chai ikapoa. Jua likaingia dirishani, likafika kwenye kigoda, na yeye bado amekaa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Koplo.

"Bwana Saa Nne! Saa hizi ni nne na robo. Hatujui hata turekebishe vipi saa yetu. Umechelewa leo!"

"Nimechelewa, afande," fundi akanong'ona, asije akamwamsha mtoto. "Nimechelewa kabisa."