Risasi Arobaini za Ardith

Shemeji yangu Orvin Huseby aliendesha lori la maziwa huku Montana miaka thelathini na sita, na muda wote huo hakugusa meza ya kujazia risasi, yaani kutia baruti upya kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa. Meza ilikuwa ya mkewe, Ardith, dada yangu. Bunduki yenyewe aliirudisha baba yetu kutoka vitani: inameza risasi nane, ya nane ikitoka inatema kishikizo cha chuma kilichozibana, ting! Kila Septemba Ardith aliibeba kwenda kwenye mashindano ya klabu ya kulenga shabaha na kuwatoa wanaume jasho.

Kisha akaanza kusahau. Alisahau jiko likiwaka, akasahau jina langu. Siku moja Orvin akamkuta karakanani anapanga risasi arobaini alizojaza wiki ile, akaingiwa na hofu. Baruti ikizidi, bunduki inakupasukia usoni. Alikuja kuniuliza. Mimi, Verna, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Tia kufuli mlango wa karakana, shemeji. Unangoja nini?"

Ardith aligonga mlango ule miezi mitatu. "Orvin! Mikono yangu haijasahau! Zipime uone!" Hakuna aliyezipima. Februari tukamzika.

Haukupita mwezi Orvin akaanza kumsikia. Asubuhi kweupe, kikombe cha kahawa mkononi, anasikia mlango wa karakana ukigongwa.

"Ni mabomba ya maji, yameganda," nikamwambia.

"Mabomba hayaniiti kwa jina, Verna."

Mwezi wa Mei akaingia karakanani na daftari la vipimo la mkewe, eti anajifunza kujaza risasi. Jamani! Mwanafunzi wa miaka sabini na moja! Fataki za mwanzo, vile vikombe vidogo vya kuwashia baruti, alizitia kichwa chini. Akasahau kuyapaka maganda mafuta, moja likakwama ndani ya chuma cha kulinyoosha, tukahangaika nalo tangu kifungua kinywa mpaka mchana.

"Ardith angekucheka mpaka akae chini," nikasema.

"Ananicheka," akajibu. Wala hakuwa anatania.

Lakini alishika kazi. Alijifunza kupitisha kidole kwenye kitako cha kila risasi, maana fataki ikichomoza hata unywele, bunduki ile inaweza kulia kabla haijajifunga. Alijifunza kutokuweka makopo mawili ya baruti mezani kwa pamoja. Zaidi ya yote alijifunza mizani, ile ya mkono wa chuma na mshale, ambayo hata ukiipumulia inacheza. Mimi nikadhani anajiandaa kwa mashindano ya Septemba.

"Mashindano gani?" akaniambia. "Nataka kuzifungua zile arobaini. Natafuta moja tu, Verna. Moja aliyoikosea. Nikiipata, basi nilimfungia mlango kwa haki."

Nikaaga, nikarudi kwangu.

Kufungua risasi kuna nyundo yake, ya plastiki, yenye tundu kichwani. Unaichomeka risasi humo, unagonga gogo mpaka kichwa chake kichomoke na baruti imwagike. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara. Siku tano nilisikia ko! ko! ko! Risasi nane kwa siku. Usiniulize kama nilikula.

Siku ya tano nikavuka na pai ya tufaha, nisiende mikono mitupu. Orvin alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Thelathini na tisa," akasema. "Zote sawasawa na daftari. Imebaki hii."

Akagonga mara tatu. Akaimimina baruti kwenye kisahani cha mizani, kisha akanipa mgongo, akatazama dirishani.

"Soma wewe. Mimi siwezi."

Nikainama, nikabana pumzi. Mshale ulipanda, ukashuka, ukatulia sawasawa kwenye alama yake. Nikausubiri usogee. Nilimwomba Mungu usogee. Haukusogea. Dada yangu alipatia zote arobaini, na sisi tulimwacha agonge mlango wa kazi yake mwenyewe kama mwizi.

"Imezidi," nikasema.

"Sana?"

"Sana, Orvin. Ingekuua."

Mabega yakamshuka. Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa gunia. "Kwa hiyo tulifanya sawa."

"Tulifanya sawa," nikamwambia, huku nimekwisha kuimwaga baruti kwenye ndoo ya maji, asije akageuka akaipima.

Akanishika mkono, akanishukuru. Mungu wangu, akanishukuru.