Bahasha Mbili Zisizo na Jina

Jotham Walubengo wa kijiji cha Matulo hakuwa ameonja pombe kwa miaka ishirini na sita, na Matulo nzima ilijua. Macho yake yalipogeuka manjano mwaka 2006, Matulo nzima ikasahau.

Siku za kazi alitengeneza matrekta Kitale, Ijumaa alirudi nyumbani. Sasa kila Ijumaa mkewe Agneta alijifanya anamkung'uta vumbi kolani, kumbe anamnusa mdomo. Jotham aliona, akameza hasira. Kisha wazee wa kanisa wakamwita. Walizungumzia mvua, wakazungumzia mbolea, mwishowe mmoja akasema ni vyema apumzike kuongoza maombi mpaka ajipange.

"Nijipange na nini?"

Wakafunga kikao kwa sala.

Jumatatu alikwenda Bungoma kwa daktari kijana, Jepkoech. Swali la kwanza: "Mzee, unakunywa pombe kiasi gani?"

Jotham akainuka. "Hata wewe?"

"Kaa, mzee. Hilo nauliza kila mtu. Dawa je, unameza zipi?"

Akatoa mfukoni bahasha mbili za khaki. Moja ya zahanati ya Kitale, ya kupunguza mafuta kwenye damu. Nyingine ya duka la dawa Kanduyi, alikoeleza shida hiyo hiyo wikendi aliyosahau dawa za Kitale. Hizi nyeupe, zile za waridi. Juu ya kila bahasha: 1x1 usiku. Jina la dawa, hakuna. Kwa kuwa rangi zilitofautiana, alidhani zinasaidiana, akameza zote miezi saba.

Jepkoech alipiga simu kote kuwili. Alipomaliza alikuwa amekunja uso. Ilikuwa dawa ile ile, viwanda tofauti. Jotham alikuwa akimeza maradufu, wala hakuna aliyempima ini hata siku moja. Kuandika neno moja juu ya bahasha kungechukua sekunde tatu.

Alizisimamisha zote. Vipimo vikaonyesha ini limeumia kweli. Baada ya wiki sita macho yakarudi meupe, na Jepkoech akamwandikia barua ya kueleza chanzo.

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa alimshukuru Mungu mbele ya waumini kwa kumtoa ndugu Jotham kwenye chupa. Jotham akatembea hadi mbele, akaweka mezani zile bahasha na barua ya daktari.

"Soma, mzee. Soma kwa sauti. Halafu uniombe msamaha kwa sauti hiyo hiyo."

Mzee akapapasa akitafuta miwani. Jotham akangoja, amesimama. Upande wa akina mama, Agneta naye akasimama.