Kabla Baba Hajageuka

Baba aliugua kifua, akafa kabla mdogo wangu hajazaliwa, na picha yake hatukuwa nayo hata moja. Tulikuwa na sinema tu. Padri mmoja wa misheni yetu, hapa Élisabethville, alikuwa amemtia katika filamu ya kuwafundisha wachimbaji wajihadhari na matoroli ya mawe. Ilionyeshwa Jumapili mchana ukumbini, madirisha yakizibwa kwa mablanketi.

Padri yule alijua kututesa. Kwanza alionyesha buti za baba kwenye reli, karibu kabisa. Halafu toroli likiteremka, mbali. Buti tena. Mgongo. Toroli, sasa limekuwa kubwa. Kila kipande kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia, na uso hakuuonyesha. Ukumbi mzima ulisimama ukimwita baba ageuke. Sote tulijua atageuka, tulishaiona mara nyingi, lakini moyo haukukubali. Ndipo anageuka, uso wake unajaza shuka lote la sinema pale ukutani, macho yamemtoka, anaruka pembeni. Mama alilia hapo kila mara. Mimi nilikuwa namkodolea baba macho mpaka atoweke.

Mdogo wangu alipofikia umri wa kushika jambo kichwani, mama alimvalisha gauni la kanisani. Alikuwa na hofu tangu asubuhi. Filamu ilikuwa imechakaa, na aliomba idumu siku hiyo tu, mtoto amwone baba yake japo mara moja. Tulikaa mbele.

Buti. Toroli. Buti. Mgongo. Toroli kubwa. Mama akamshika mtoto kidevu, akamwinua kichwa.

"Sasa," akamwambia. "Angalia sasa."

Wakatokea wanaume wananawa mikono bombani.

Watu walinung'unika. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya sinema, kwa padri mpya aliyechukua nafasi ya yule wa kwanza.

"Mon père, sura ya bwana yangu iko wapi?"

"Niliikata, mama." Alisema kwa upole, na upole ule unanichoma hata leo. "Kichwa kikubwa bila mwili, bantu ba hapa habaelewi. Inaogopesha batoto."

Ndivyo Wazungu walivyofundishana huko kwao. Sisi tuliokuwa tukisimama na kumwita baba kwa sauti moja, eti hatuelewi.

"Na kile kipande?"

"Tulichoma pamoja na takataka."

Mama alishika meza ya mashine kwa mikono yote miwili. Nilitamani aipindue meza ile na kila kilichokuwa juu yake. Mgongoni, mdogo wangu alimgusa shingo.

"Mama, papa ni ule mufupi, mwenye alikuwa ananawa mikono?"

Mama bado alikuwa ameishika meza.

"Ee," akasema. "Ni ule."