Bendera za Wadachi na Kadi ya Mwalimu

Kosa la kwanza lilikuwa la rangi, na hilo silionei haya sana. Mteja wangu Mdachi, mzee aliyefundisha useremala katika shule moja ya Kigali, aliniletea vitambaa vyeusi, vyekundu na vya manjano nimshonee bendera kumi na mbili. Ilikuwa mwisho wa Septemba 1990. Nchi yake, iliyokatwa vipande viwili baada ya vita vya dunia, ilikuwa inaungana tarehe tatu Oktoba, na Wadachi wa mjini walitaka kusherehekea. Nami nikajifanya mjuzi. Baba yangu, fundi kama mimi, alizishona rangi hizo miaka ya Wabelgiji: nyeusi, manjano, nyekundu, milia imesimama wima. Nikazishona hivyo hivyo zote, bila kuuliza.

Jumatatu Mdachi akaja kibandani kwangu, mtaa wa Remera, kuzitazama. Alicheka mpaka akaishika meza ya cherehani.

"Fundi, hii si Ujerumani. Ni Ubelgiji!"

Yao milia inalala: nyeusi juu, nyekundu katikati, manjano chini. Babu yangu alifika nchi hii akiwabebea mizigo Wadachi wenyewe, kabla Mbelgiji hajakanyaga, na mjukuu bado anakosea. Ikabidi nifumue.

Mzee wa watu alivuta kigoda akachukua wembe anisaidie. Huku akifumua alinieleza habari za baba yake, aliyekuwa karani wa mji wao. Kazi yake ilikuwa kugonga mhuri wa herufi moja kwenye vitambulisho vya Wayahudi. "Baada ya vita nilimuuliza kama alijua wanapelekwa wapi. Akasema, mimi nilikuwa nagonga mhuri tu. Alikufa na jibu hilo."

Nikamwambia, "Pole, mzee. Nyinyi Wazungu mna mambo!" Mfukoni mwangu nilikuwa na kadi yenye kabila langu, makabila mengine yamekatwa kwa mstari, na sikuona kwamba tunazungumza juu ya kitu kimoja. Jioni ile redio ikatangaza kwamba vita vimeingia mpakani, upande wa Uganda.

Sasa nieleze desturi yangu, maana maafa yalipitia hapo. Mbali na kushona niliazimisha makoti ya harusi, na aliyechukua koti aliniachia kadi yake ya kitambulisho. Akilirudisha, nilikagua kwanza: kola, kwapa, bitana. Watu hurudisha koti lina mchuzi kisha wakakukazia macho. Bila ukaguzi, kadi haitoki. Nilijivunia ukali huo kama vile ni dini.

Jumanne alikuja mwalimu wa shule ya msingi, jirani yangu, mtu mpole kupita kiasi. Alikuwa amemsimamia mdogo wake harusini. Akaliweka koti mezani, limekunjwa vizuri.

"Fundi, koti iko hapa. Nipe kadi yangu, kwa barabara iko askari mingi."

Mbele yangu nilikuwa na rundo la vitambaa, na aibu ya Ubelgiji bado inaniwasha. Kukagua koti ni dakika tano. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, huoni nina kazi ya watu? Njoo Ijumaa asubuhi."

Akasema sawa. Angalau angegomba!

Bendera zilikamilika kwa wakati, na Mdachi alifurahi. Usiku wa kuamkia Ijumaa risasi zikalia mji mzima, na kulipokucha askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Asubuhi ile mke wa mwalimu alinijia mbio, mtoto mgongoni.

"Fundi, wamemupeleka bwana yangu. Wanasema ametoka Uganda na wale wa vita. Kadi yake inaonyesha alizaliwa hapa hapa. Kamanda amesema niilete."

Kadi ilikuwa kwenye kisanduku chini ya miguu yangu. Nilijua kabila lililoandikwa pale: lile lile la waliovamia kutoka Uganda. Ng'ambo ya barabara walisimama askari wawili wakitutazama, na tangu asubuhi watu walikuwa wakinong'ona juu ya vibaraka wa adui wanaowafichia wenzao vitu. Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba.

"Mama, nilishamrudishia. Jumanne ile ile."

Alinitazama kidogo, akaliweka sawa fundo la kanga, akaondoka. Alipopotea machoni nilifungua pasi ya mkaa nikaitumbukiza kadi ndani. Kisha nikapiga pasi suruali ya mtu kwa moto ule.

Wapo watakaosema kadi yenye kabila lile isingemwokoa. Huenda. Lakini mimi sikuichoma kwa sababu hiyo, na nisijisingizie hekima ambayo sikuwa nayo.

Mwalimu alifungwa miezi sita. Mwaka 1994 aliuawa, yeye na mkewe na yule mtoto, na kweli hii hakuisikia. Nafasi ya kumwambia niliipata. Siku chache baada ya kuachiliwa alikuja kibandani, amekonda, mkono wa kushoto haunyooki. Nilijua amekuja kuniumbua, nikasimama niyapokee. Yeye akavua kofia.

"Fundi, mbabarira. Nisamehe. Mke wangu aliniambia alikuja kukusumbua kwa sababu ya kadi. Mimi huko ndani walinipiga kichwa sana, sikumbuki hata ile Jumanne ulinirudishia. Nimeipoteza mwenyewe, halafu tukakusingizia."

Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wanasikiliza. Nilimshika ule mkono mzima, nikamwambia yamekwisha, nimemsamehe.